Mbwa gani anafaa nyumba yenye watoto wadogo? Nipo Uyole, Mbeya

Loleza (mleta mada)

Wakuu habari za humu.

Nipo Uyole. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 5, mdogo ana mwaka na nusu na ameshaacha kutembea, siku hizi ni mbio tu. Tulihamia nyumba yetu mwaka jana kabla ukuta haujaisha. Mbele kuna geti, nyuma ni michongoma. Tangu tuhamie tumeibiwa mara mbili: mara ya kwanza kuku 7, mara ya pili nguo zote za kwenye kamba, hadi nepi za mtoto. Mtu anayeiba nepi mbichi ana shida kubwa kuliko zangu, lakini ndiyo hivyo, nguo zimekwenda.

Nataka mbwa. Mke wangu amekubali kwa sharti moja: awe mbwa ambaye mtoto akimkanyaga mkia hatageuka kumng'ata. Mimi moyo wangu uko kwa German Shepherd. Nikiwa darasa la nne nilimwona mbwa wa polisi kwenye maonyesho, askari kasema neno moja, mbwa kalala chini kama mkeka. Tangu siku hiyo sijapona. Kuna jamaa Dar ana vitoto vyake, anauza laki 4, anasema atanipakilia kwenye basi jioni nipokee asubuhi. Mimi nina laki 3 na nusu.

Sasa nimesikia majina mengi: Labrador, Golden, Boerboel, Rottweiler, na vile vijibwa vya manyoya. Aliyewahi kuishi na mbwa na watoto kwenye baridi hili la kwetu anifungue macho. Mbegu gani?

Mkangafu

Nimewahi siti ya mbele.

Mkuu, nunua bata bukini wawili. Hawadai chanjo, mwizi akigusa michongoma wanapiga kelele mpaka Mbalizi wanasikia, na Krismasi unamla mlinzi wako kwa wali.

Mzee wa Mbao

Kamwene wote. Mimi niko Mafinga, kazi yangu mbao. Yadini nina Boerboel wawili, dume na jike. Hao ni mbwa wa makaburu wa Afrika Kusini, waliwafuga mashambani walinde familia na mifugo. Yule dume nilimpandisha kwenye mzani wa magunia akagonga kilo 68. Wajukuu wangu wanampanda mgongoni kama punda na hajawahi kunung'unika. Mwizi akija wala habweki, anasimama tu na kumtazama. Wewe ungefanya nini ukitazamwa na kilo 68?

Achana na hizo Labrador za kwenye kalenda. Na ukitaka awe mkali kweli, mlishe pilipili na manyigu ya kukaanga akiwa bado mdogo. Ndivyo wazee walivyotufundisha.

Mama Pacha

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, mbwa wa kilo 68 hahitaji kuwa mkali ili aumize mtoto. Akigeuka tu kwa furaha, mtoto wa mwaka na nusu yuko chini, kichwa kimegonga sakafu. Na hiyo ya kupanda mgongoni naomba uikomeshe. Mbwa hana mgongo wa punda, na siku akiumwa kiuno hatakutumia ujumbe.

Nitarudi usiku nikishalaza watu wangu. Nina mengi.

Mzee wa Mbao

Marahaba mwanangu. Nasubiri hayo mengi.

Daktari wa Ng'ombe

Mimi ni mtu wa mifugo, niko Njombe. Kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa, lakini mbwa wanaletwa sana, wengi wakiwa wameshachelewa.

Loleza, umeanza na mbegu. Mimi ningekuja kwako ningeanza na hiyo michongoma. Mbwa anayependa kazi anapita kwenye michongoma kama mlango, kisha anakutana na watoto wa jirani wanaotoka shule, na hao hawajui jina lake.

Tukija kwenye mbegu, jua kwamba kila mbegu ilitengenezwa kwa kazi, na ile kazi haitoki mwilini kwa sababu mbwa amehamia Uyole. German Shepherd alianzishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na afisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz, kutoka kwa mbwa wachunga kondoo. Mbwa mchungaji akiona kitu kinakimbia anakizunguka, anakikata njia, na kikikaidi anakidona kisigino. Mtoto wa mwaka na nusu anayekimbia huku anapiga kelele, kwa macho ya huyo mbwa ni kondoo mkaidi. Hana chuki naye. Lakini jino ni jino. Ni mbwa mwerevu sana na anafundishika, na nimeona familia wakiishi naye vizuri, ila anataka mtu mwenye muda: kumtembeza asubuhi na jioni, kumpa kazi ya kufanya. Wewe unatoka nyumbani saa ngapi na kurudi saa ngapi? Ukimfunga mnyororo kutwa nzima chini ya mparachichi, baada ya mwaka utakuwa na mbwa anayechukia kila kinachopita.

Labrador asili yake ni kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Alikuwa mbwa wa wavuvi, wa kuvuta kamba na nyavu kwenye maji ya baridi. Waingereza wakamchukua wakamfanya mbwa wa kuokota bata waliopigwa risasi, na bata anatakiwa afike kwa mwenyewe bila kutobolewa. Ndiyo maana Labrador ana mdomo mlaini. Golden Retriever ni wa kazi hiyohiyo, alianzia Uskoti. Kwa watoto, hawa wawili ndio ningewataja kwanza. Kwa wezi, sahau. Atawaonyesha kuku walipo.

Rottweiler alikuwa mbwa wa wachinjaji na waswaga ng'ombe wa mji wa Rottweil, Ujerumani. Wapo wapole kabisa. Ila mtu anayefuga kwa mara ya kwanza, mwenye mtoto wa mwaka na nusu, simshauri.

Sasa hicho kitoto cha basi. Hapa naomba unisikie vizuri. Kitoto cha mbwa hakitakiwi kuondoka kwa mama yake kabla ya wiki 8. Wauzaji wengi wanauza cha wiki 5 wakikuambia ni cha wiki 8, kwa sababu kikikaa zaidi kinakula pesa yao. Mfungue mdomo: wa wiki 8 ana meno yote 28 ya utoto. Halafu safari ya usiku kucha kwenye boksi, tumbo tupu, hofu, na kinga bado changa, ndiyo mwanya wa parvo, ule ugonjwa mkali wa tumbo wa mbwa. Utakipokea asubuhi kimechangamka, siku ya nne kinatapika, kinaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Hapo utatumia pesa kuliko hiyo laki 4, na mara nyingi kitakufa. Kisha watoto wako watakuwa wameshakipa jina.

Kubwa kuliko yote: ukinunua kwa simu, hujamwona mama yake. Mimi natazama mama kwanza. Nikiingia uani na yule jike yuko na vitoto vyake, akaninusa, akanipisha, basi nachutama nianze kuchagua. Akijificha uvunguni anatetemeka, au akitaka kunirarua hata mwenye nyumba akiwepo, naaga. Vitoto vinarithi woga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata watoto.

Mzee wangu Mzee wa Mbao, pilipili na manyigu havimpi mbwa ukali. Vinamuunguza tumbo na mdomo. Anayeumwa tumbo anakuwa na hasira, wewe unaona dawa imefanya kazi.

Mzee wa Mbao

Hapo kwenye manyigu umenigusa. Baba yangu alikuwa na mbwa mmoja anaitwa Chui, alilishwa manyigu na hakuna mgambo aliyekanyaga kwetu. Lakini nimekuelewa daktari. Labda alikuwa anaumwa tumbo miaka yote ile.

Mkangafu

Maskini Chui 😂

Mama Pacha

Nimerudi. Watu wamelala, na mbwa kalala mlangoni kwao kama kawaida.

Niko Iringa, Kihesa. Nina pacha, mmoja wa kike mmoja wa kiume, sasa wana miaka 6. Labrador wetu jike tulimpata pacha wakiwa na miaka 3, kutoka kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama nchi. Alikuwa na miezi 10. Nitawaambia ambayo hakuna aliyeniambia mimi.

Kwanza, kula. Labrador anakula kama amekodishwa. Amekula ugali wa familia nzima uliokuwa unapoa, amekula sabuni, amekula soksi moja moja (sijui kwa nini hachukui jozi). Nilidhani namnyima, kumbe mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana hitilafu ya jeni inayomfanya asione kushiba. Kwa hiyo yale macho ya huruma mezani usiyaamini. Wangu aligonga kilo 41, daktari akaniambia anatakiwa asizidi 32. Chanzo kilikuwa maparachichi. Tuna miti mitatu, yanadondoka usiku, asubuhi anakuwa ameshafanya doria na kuyamaliza. Siku moja akameza kokwa zima likakwama tumboni. Sitaki kukumbuka ile bili. Nyie wa Rungwe na Njombe wenye maparachichi mpaka kwenye paa, jihadharini na kokwa.

Pili, upole wake ni wa kweli, lakini una uzito. Kuanzia miezi 10 mpaka miaka miwili hivi alikuwa mtoto wa tatu nyumbani, mwenye kilo 30. Akifurahi anaruka. Mwanangu wa kike aliangushwa mara nyingi hadi akawa anapanda juu ya kochi akisikia kucha za mbwa sakafuni. Tulichofanya, kila akiruka wote tunamgeuzia mgongo na kunyamaza, hadi watoto. Ilichukua kama miezi miwili. Mgeni akija anacheka na kumpapasa, kazi yote inaharibika, tunaanza upya.

Tatu ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Siku hiyo nilikuwa napika supu, nikampa mfupa. Yuko kona ya jikoni anaula. Kijana wangu akaenda kumkumbatia shingoni kwa nyuma, kama anavyomfanyia kila siku. Mbwa akasimamisha kutafuna. Hakugeuka. Mwili ukakakamaa, nikaona weupe wa jicho lake pembeni, halafu ukatoka mngurumo mdogo kutoka kifuani. Nilimnyakua mtoto. Baba yao akaja na mkanda. Tukagombana sisi wawili, watoto wanalia, mbwa kakojoa palepale.

Usiku nikampigia mdogo wangu aliyesomea mifugo Sokoine. Akaniambia, shukuruni amenguruma. Mbwa akichapwa kwa kunguruma anajifunza kunyamaza, na siku nyingine ataruka hatua hiyo, ataanza na meno. Akaniuliza kabla ya kunguruma alifanya nini. Nikafikiria. Alikuwa amejilamba midomo, akageuza kichwa upande wa ukutani, akakakamaa. Yote yale yalikuwa maneno, sisi hatukuwa tunajua lugha. Hata kupiga miayo bila usingizi. Hata kuondoka chumbani mtoto akiingia. Na kile kinachotupendeza kwenye picha, mtoto kamkumbatia mbwa shingoni, kwa mbwa wengi ni kabari.

Tangu siku hiyo tuna sheria tatu, hata dada wa kazi anazijua. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa aliyelala haguswi, anaitwa jina kutoka mbali. Na mtoto hakai na mbwa peke yao, hata dakika ya kwenda kuangalia mboga. Mmoja anatoka nami. Nilikuwa nadhani sheria hiyo ni ya mbwa wakali. Wanaong'atwa wengi huwa wameng'atwa na mbwa wanayemjua, nyumbani.

Kwa hiyo Labrador ni mzuri? Ndiyo, sana. Ila umepata mtoto mwingine, usije ukasema hukuambiwa.

Chai ya Rangi

Bila picha uzi haunogi.

Mama Pacha

Picha ipo, ila kasimama juu ya meza anakula keki ya birthdei. Nikituma mtaacha kuamini kila nilichoandika.

Loleza (mleta mada)

Dah. Nimesoma yote mara mbili, na kile cha mfupa nimemsomea mke wangu kwa sauti. Jamaa wa Dar nilimwomba picha ya mama, akanitumia picha ambayo nikaitafuta nikaikuta kwenye tovuti ya Wajerumani. Nimemfuta.

Daktari, natoka nyumbani saa 12 asubuhi, narudi saa 1 usiku. Mke wangu ana genge, yupo nyumbani mchana. Yeye sasa anasema basi tuchukue kale kadogo keupe ka manyoya, kakali kwa sauti lakini hakamwezi mtu. Mnasemaje?

Binti Kitulo

Nipo Makete, hivyo kuhusu baridi niulize mimi. Mwezi wa sita na wa saba huku asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mbwa mwenye manyoya mafupi analala nje akiwa amejikunja kama andazi. Uyole si Makete, lakini mbwa wa nywele fupi lazima awe na kibanda chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mlango usitazame upepo, na nyasi kavu za kulalia. Nyasi, siyo blanketi. Blanketi likilowa halikauki wiki nzima.

Vijibwa vya manyoya nimefuga viwili. Manyoya yao na matope ya masika ni ndoa mbaya. Lakini kwa watoto tatizo ni lingine kabisa. Kijibwa cha kilo 3 kina mifupa kama ya kuku. Mtoto wa mwaka na nusu akikiangukia au akikinyanyua na kukiachia, mguu umevunjika. Na chenyewe kinalijua hilo. Kinaishi kwa hofu, kwa hiyo kinadona haraka. Watu wanacheka kwa sababu ni kidogo, lakini uso wa mtoto anayetambaa uko usawa wa mdomo wa kile kijibwa. Subirini mpaka mdogo afike miaka 6 au 7.

Jirani Mwema

Assalaam alaykum na habari zenu. Mimi sifugi mbwa, ni Muislamu, niko Mbalizi. Naomba niseme kama jirani wa mtu anayefuga.

Kwetu mate ya mbwa ni najisi. Akilamba chombo kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Jirani yangu alikuwa hajui, akadhani tunamchukia. Watoto wake wanakuja kwetu, mbwa anawafuata, anaingia hadi kwenye mkeka wa kusalia, na mama watoto wangu anaanza kufua upya. Tulikaa tukaongea. Sasa akifungua mbwa ananijulisha, na watoto wake wakija wananawa kwanza. Mimi nami simrushii mbwa wake mawe, na watoto wangu nimewafundisha wasimrushie. Loleza, kabla ya kuleta mbwa zungukia nyumba nne za jirani yako uwaambie. Ni neno dogo.

Mbwa wake siku hizi akiniona kwa mbali anakaa chini. Sijui nani alimfundisha.

Ndizi Mbivu

Mwagonile! Tukuyu hapa.

Uzi mzima mnataja mbwa wa Ujerumani, Kanada na Uskoti. Hakuna aliyemtaja mbwa aliyewalea nyie wenyewe. Mbwa wa kienyeji. Mnamwita koko kana kwamba ni tusi. Kwetu kulikuwa na Simba, wa rangi ya mchanga, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Aliishi miaka 13. Alikuwa anatusindikiza shule kupitia migombani, anageuka kwenye daraja, na saa za kutoka tunamkuta palepale darajani. Alikula ugali, maganda na alichokamata mwenyewe. Mvua ya Rungwe mnaijua, hakuwahi kukohoa. Mdogo wangu alijifunzia kusimama kwa kushika masikio yake.

Mbwa hawa wamechujwa na maisha. Mkali kwa watoto wa kijiji alikuwa haachwi hai, na mgonjwa hakufika mbali. Waliobaki ndio hao. Kilo 15 mpaka 20, akimgonga mtoto hamvunji. Anabweka akisikia mgeni, na anajua nani ni wa nyumbani. Bei yake ni kuku mmoja au asante.

Lakini nitasema na upande mwingine, maana nisipousema nitakuwa nadanganya. Simba hakuwahi kuchanjwa. Mbwa wa kijijini wakati ule nani alimchanja? Binamu yangu wa miaka 8 aling'atwa mkononi na mbwa wa jirani, mbwa anayejulikana, jeraha dogo la kufunika kwa kidole gumba. Wakapaka majivu na mafuta ya taa. Yule mbwa alikufa baada ya siku chache, watu wakasema kapewa sumu. Mwezi wa pili mtoto akaanza kulalamika mkono unawasha palepale pa jeraha, homa, halafu siku moja akapewa kikombe cha maji akakitupa. Alikuwa na kiu na hawezi kunywa. Kituo cha afya walichokimbilia waliwaambia ukweli, kwamba pamechelewa. Sitaandika zaidi.

Kwa hiyo chukua koko, ila mchanje.

Daktari wa Ng'ombe

Pole sana Ndizi Mbivu.

Niongeze hapo, maana ndiyo sehemu ambayo mbegu haina kazi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini kabla ya dalili kinazuilika, na Pasteur alishaonyesha hilo mwaka 1885 kwa mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kati ya wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, anang'atwa usoni na kichwani, karibu na ubongo. Na mara nyingi hasemi nyumbani, anaogopa atagombezwa.

Mtoto aking'atwa au kuparuzwa, hata na mbwa wenu: jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, tazama saa. Majivu, mafuta ya taa, kitunguu, hapana. Kisha hospitali siku hiyohiyo, na dozi zote za chanjo zinamalizwa hata kama jeraha limepona. Dozi ya kwanza wakiwa hawana, uliza ilipo, nenda huko, usirudi nyumbani kusubiri.

Kwa mbwa: sindano ya kichaa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi idara za mifugo huchanja bure wakati huo, ulizia kata kwako. Chanjo za parvo na homa ya mbwa zinaanza wiki ya 6 hadi 8, zinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Minyoo ndiyo watu hawaijali. Kitoto cha mbwa huzaliwa tayari kina minyoo kutoka kwa mama, kwa hiyo dawa inaanza akiwa na wiki 2. Mayai yanatoka kwenye kinyesi, yanakaa kwenye udongo, na mtoto wa mwaka na nusu kazi yake ni kula udongo. Minyoo ile inaweza kufika hadi kwenye jicho. Kinyesi kinazolewa kila siku, kinafukiwa. Na utumbo na mapafu mabichi ya kuchinjio usimpe mbwa, chemsha.

Ndizi Mbivu nakubaliana naye. Ningekuwa Loleza ningetafuta jike wa kienyeji au chotara, ambaye mama yake nimemwona akiishi na watoto, nimchukue akiwa na wiki 8 hadi 10. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo ubongo wa mbwa unaamua nini ni cha kawaida duniani. Akisikia mtoto analia, ndoo inaanguka, bodaboda inapita, na kila mara hakuna baya linalomkuta, atayachukulia hivyo ukubwani.

Mzee wa Mbao

Sawa. Lakini hamjaona Boerboel wangu.

Loleza (mleta mada)

MREJESHO, miezi minne baadaye.

Wakuu samahani kwa kupotea. Michongoma tuliing'oa, tukaweka wavu na nguzo, laki 2 na themanini ikaishia hapo. Ya German Shepherd ikawa imejijibu.

Mbwa tulimpata kwa mwalimu mmoja hapahapa Uyole. Mama yake ni chotara, kuna German Shepherd kidogo ukitazama masikio, baba hajulikani. Nilifanya kama daktari alivyosema, nikaenda kumwona mama kwanza. Nilimkuta amelala uani, mtoto wa mwalimu wa miaka mitatu amekaa pembeni anamwekea vizibo vya soda mstari mgongoni. Mama alikuwa amechoka lakini amelegea. Nikakaa kama saa nzima. Vitoto vilikuwa 6. Kimoja kilinirukia, kimoja kilijificha. Nikachukua wa katikati, aliyekuja taratibu akanusa kiatu akakaa juu yake. Jike. Nilitoa elfu 30, mwalimu akasema hiyo ni ya maziwa.

Jina alitoa mkubwa: Njano, kama maharage. Rangi yake kweli ni ya maharage ya njano. Amechanjwa zote, kadi ninayo. Majirani nilizungukia, Jirani Mwema ubarikiwe, mama mmoja wa upande wa pili alinishukuru kwa kumwambia mpaka nikaona aibu.

Mdogo ameshamvuta mkia mara mbili mbele ya macho yangu. Mara ya kwanza Njano aliinuka akaondoka. Mara ya pili alijilamba midomo, nikakumbuka hapa, nikamwondoa mtoto. Mke wangu siku hizi ananiita jikoni, "njoo uone, amepiga mwayo, ana nini?"

Kuhusu wezi. Juzi saa 4 usiku mtu aliruka wavu wa nyuma. Nikasikia kimya. Nikatoka na tochi na rungu. Nikamkuta kijana amechutama kwenye banda la kuku, Njano amelala chali mbele yake, anakunwa tumbo. Kijana akakimbia. Njano akamsindikiza hadi kwenye wavu, mkia unatikisika.

Mkangafu

Nilisema bata bukini.